Mlinzi wa Viatu

Kila tukija Mjimwema kazi yangu ni ile ile:
kulinda viatu.
Jozi nne, na kandambili zangu ni ya tano,
nazipanga kwa ukubwa juu ya kanga iliyochakaa,
nakunja suruali hadi magotini,
nasema, "Nendeni, mimi nipo."

Nao huenda.
Pazi na ndoo yake ya rangi, mpini wa waya,
Kibwana uchi wa mnyama, mchanga hadi masikioni,
na Mwanahawa, kitenge kifuani,
anacheka kabla maji hayajamgusa.

Maji yakikupwa ni zamu ya miamba.
Wanainua jiwe, wanalirudisha taratibu
kama mtu anayefunika chungu asichopika yeye.
Leo viti vya pweza vitatu,
jongoo bahari mmoja, mvivu,
na kaa aliyemfukuza Pazi mpaka kwangu.
"Baba, ananidai!"
Nikamwuliza kaa, shilingi ngapi?

Saa tano wakajenga.
Si ngome, si kasri: nyumba ya Tandika,
ina baraza, ina choo cha uani,
na kizibo cha soda ukutani ndiyo mita ya Luku.
Wimbi la kwanza likachukua choo.
"Manispaa," akasema Chausiku, bila kuinua macho.

Mihogo ya kuchoma, pilipili, chumvi, ndimu,
kachumbari ikiteleza kwenye gazeti.
Kijana wa maboya anakodisha mpira wa tairi,
elfu moja kwa nusu saa,
na nusu saa yake, kwa simu yake, ina dakika ishirini.
Tukagombana, tukacheka, akaongeza kumi.

Sasa niseme.
Nimezaliwa Dar, nimekulia Dar,
upepo wa chumvi ndio uliokausha nepi zangu,
na sijui kuogelea.
Marehemu mama alisema bahari ni nyumba isiyo na mlango:
ukishaingia, utatokea wapi?
Nikaamini. Nikafika miaka arobaini na miwili
maji nikiyajua mwisho magotini.

Chausiku akaja, mabutu yakimchuruzika.
Amefundishwa na binamu zake wa Kunduchi, likizo ya Juni.
Hakuniuliza. Alininyooshea mkono tu
kama nilivyomnyooshea mimi, enzi za chekechea,
tukivuka Barabara ya Mandela.
"Na viatu?"
"Viatu vina miguu?"

Maji kiunoni. Maji kifuani.
Moyo ukapanda ukakaa kooni.
"Sasa lala, Baba. Kama kitandani.
Usipigane nayo. Masikio yaache yazame."
Kiganja chake chini ya mgongo wangu,
kiganja nilichokikata kucha jana usiku.
Nikazama, nikameza, nikakohoa, nikamwita mama.
"Tena."
Tena.
"Tena, na usikaze shingo."

Kisha kelele zote za ufukwe zikazimwa.
Nikasikia pumzi yangu, ikienda na kurudi
kama mtu anayefagia uwanja alfajiri.
Juu wingu moja, halina haraka.
Sijui alitoa kiganja saa ngapi.
Nilipomtafuta alikuwa hatua nne mbali,
mikono yote miwili hewani,
akinionyesha vidole kumi vitupu.

Maji yalikuwa yanajaa na hakuna aliyeyatazama.
Kanga tuliikuta imeloa chapachapa,
jozi nne zimetapakaa, ya tano nusu:
kandambili yangu ya kushoto imeshaaga.

Kwenye pantoni nasimama kati ya bajaji na mkokoteni wa mananasi,
mguu mmoja una kiatu,
mwingine unarukaruka juu ya chuma cha moto.
Kibwana kalala begani, ananidondoshea udenda na mchanga.
Mwanahawa anaitazama miguu yangu.
"Mlinzi gani wewe?"
"Nimefukuzwa kazi," nasema.
Pazi anawaza, ndoo kichwani kama kofia.
"Sasa Jumamosi ijayo zamu ya nani?"
Tunatazamana.
Hakuna anayejitolea.